Mhazini Hajala Hela, Fulana Ndiyo Iliyokula Wino

Najua wengine mlishaanza kuniulizia, mara nina testi, mara malaria. Wala! Nilikuwa najificha tu. Nilikuwa naona aibu, na leo nimeamua kuitoa yote hapa, halafu nikishamaliza kuomba radhi nitagombana na watu. Mwenye roho nyepesi aende akanywe chai kwanza.

Mnakumbuka nilichoandika hapa wiki mbili zilizopita baada ya lile bonanza letu la darasa. Niliandika kwamba hela za fulana zimepigwa. Sikutaja jina la mtu, najifanya mjanja, lakini darasa letu lina mhazini mmoja tu na kila mtu alijua namsema nani. Niliandika kwamba kanunua wino wa bei poa, chenji akaweka kibindoni. Watu wakacheka, wakasambaza, mpaka wale wa mwaka wa kwanza wakawa wananong'onezana akipita kantini. Basi leo nasema hapahapa nilipoharibu: yule dada hajala hata senti moja. Nimekosea, na nimekosea kwa uvivu, manake ukweli ulikuwa kwenye pindo la fulana niliyokuwa nimeivaa mwenyewe.

Tuanze na mahesabu, kwa sababu wengi tulilalamika bila kuyafanya. Tulikuwa watu 94, kila mmoja katoa 15,000. Jumla 1,410,000. Fulana nyekundu kutoka Kariakoo, 8,000 kila moja, hapo zimeondoka 752,000. Kuchapa, 4,500 kila moja, 423,000. Nauli na mzigo wa basi kutoka Dar, 45,000. Zikabaki 190,000, zikaishia kwenye maji, wali na spika za kukodi. Risiti zote alizipiga picha akazitupia kwenye kundi letu la WhatsApp mara mbili. Mara mbili! Nani alizisoma? Mimi sikuzisoma. Niliona maandishi ya pinki mgongoni mwa mwenzangu, nikajua tayari tumepigwa.

Kwa wale ambao hawakuwepo, mambo yalikwenda hivi. Tulichagua nyekundu kwa sababu nusu ya darasa ni Coastal Union damu, Wagosi wa Kaya, nyekundu na nyeupe, waliobeba ubingwa wa Bara mwaka 1988 na mpaka leo tunatambia ubingwa huo ambao wengi wetu hatukuwa hata tumezaliwa. Mgongoni jina la darasa kwa herufi kubwa nyeupe. Ijumaa jioni fulana zikafika, nyekundu pyu, maandishi meupe pe, mpaka yanaumiza macho. Jumamosi bonanza, picha za kutosha. Jumatatu maandishi yana kivuli kivuli. Jumatano yamekuwa pinki kama ulimi wa mtoto aliyemaliza pakiti ya ubuyu. Na angalieni vizuri hapo: fulana yangu mimi nilikuwa sijaifua hata mara moja. Ilikuwa imekunjwa kwenye begi, na humo humo kwenye begi ikabadilika.

Hilo tu lingetosha kunistua. Wino mbovu unabanduka, unapasuka, unafifia ukifuliwa. Haubadiliki kuwa pinki ukiwa umelala kwenye begi. Lakini mtu akishaamua kwamba fulani mwizi, macho yanakuwa hayaoni kingine.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa chumbani, jamaa anasoma kemia, mtu wa maneno machache. Nilikuwa naendelea kulaumu, akaniambia niache kelele nimpe fulana. Akasoma lebo ya shingoni: pamba asilimia 100. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la chini, akaushika kwa kibano, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba tupu unaungua kama karatasi, unanuka karatasi, unaacha majivu laini ya kijivu ambayo ukiyasugua kwa vidole yanapotea. Huu wa kwetu uliungua kidogo, halafu ukaanza kujikunja na kuyeyuka, ukatoa moshi mweusi, mwishoni pakabaki kidonge cheusi kigumu, ukikiminya hakisagiki. Hiyo ni poliesta. Majivu kidogo na kidonge, maana yake ni mchanganyiko: pamba na poliesta, kile ambacho mama zetu wanakiita tetroni. Lebo imesema uongo, kiberiti kimesema kweli.

Sasa hoja yangu ni moja na nitaisema wazi kabla sijaanza kugombana. Kwenye kitambaa cha mchanganyiko anayechuja si wino, ni fulana yenyewe. Na anayekwenda kuchagua wino mweupe bila kujua kitambaa chake ni cha nini, awe fundi, awe mhazini, awe nani, anacheza bahati nasibu na hela za watu. Na anayemwita mwenzake mwizi kabla hajauliza kitambaa ni cha nini, kama mimi, huyo ni mbaya kuliko wote.

Hebu niwaeleze jinsi inavyokuwa, nilivyoeleweshwa. Poliesta ni plastiki. Ukoo wake ni mmoja na wa chupa ya maji unayokunywa. Waliigundua Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941. Pamba inapotiwa rangi, rangi inashikana na uzi kikemia, inakuwa mwenye nyumba. Poliesta haishikani na rangi namna hiyo. Kiwandani wanaichemsha na rangi ya aina yake kwenye chombo cha mgandamizo, joto linafika kama nyuzi 130, uzi unalegea, rangi inapenya ndani, kisha uzi ukipoa unajifunga. Kwa hiyo rangi kwenye poliesta ni mpangaji. Hana hati. Siku joto likirudi, mlango unafunguka tena na mpangaji anaanza kuhama.

Na joto linarudi lini? Siku ya kuchapa. Wino ambao mafundi wengi wanautumia kwenye fulana ni plastisoli, nao haukauki kwa hewa kama rangi ya ukutani. Lazima uive, na ule wa kawaida unaiva kwenye nyuzi 160 hivi. Kwenye joto hilo rangi ya poliesta inageuka kuwa mvuke. Si hadithi, ndiyo kazi hiyohiyo inayotengeneza vile vikombe vyenye picha ya mchumba wako: rangi ya karatasi inageuka mvuke kwenye nyuzi karibu 200 na kuingia kwenye ngozi ya plastiki iliyopakwa juu ya kikombe. Kwenye kikombe tunalipia ili itokee. Kwenye fulana inatokea bure, bila kuombwa, na inaingia kwenye wino wako mweupe. Halafu ndani ya plastisoli kuna mafuta ya kulainishia plastiki, na rangi hizo zinayapenda mafuta hayo. Ndiyo maana safari haiishii siku ya kuchapa. Inaendelea polepole, siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki kadhaa. Sasa chukua fulana 94 zikiwa na moto moto, zipange moja juu ya nyingine, ziweke kwenye kiroba, kiroba kipande bajaji mchana wa Tanga. Mnataka muujiza gani?

Nyekundu na maruni ndizo zinazosifika kwa tabia hii, na bluu ya giza haiko mbali. Na wino mweupe ndio unaoonyesha aibu kuliko wote, kama kanzu ya Ijumaa kwenye foleni ya urojo. Wino mweusi nao unapandwa na rangi vilevile, ila nani ataona?

Baada ya darasa hilo nikashika njia mpaka Ngamiani kwa fundi aliyetuchapia. Nilikwenda nimejaa hasira mpya, manake hasira ile ya mhazini ilikuwa imekosa pa kukaa. Nikamkuta mzee wa watu anakoroga wino kwa kijiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kudai?"

"Sidai mzee, nimekuja kuuliza. Zile fulana zetu nyekundu ulitumia wino gani?"

"Mweupe."

"Mweupe upi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ipi. "Mgosi, wino mweupe ni wino mweupe."

Nataka mlikariri neno hilo, kwa sababu ndilo lililotugharimu. Tukakaa, akanieleza bila kuficha. Anasema fulana chache za mwanzo zilipotoka tu kwenye mashine ya kupasi aliona weupe umeanza kuchoka, akadhani wino haujaiva. Akapandisha joto mpaka 180, akazirudia zote na kuzikandamiza muda mrefu zaidi. Yaani wadau, mzee wa watu kaona nyumba inaungua akamwagia mafuta ya taa kwa nia njema kabisa. Nikamuuliza kama aliwahi kuona jambo hili zamani, akasema zamani fulana alizokuwa analetewa zilikuwa pamba, "siku hizi sijui wanaleta nini". Hapo nilimhurumia kidogo. Wino wake ni uleule wa miaka yote, kilichobadilika ni kitambaa, na hakuna aliyemwambia.

Lakini huruma si kumwachia. Fundi, nakuheshimu, wewe ni sawa na baba yangu, ila "wino mweupe ni wino mweupe" ni uongo, na wewe ndiye ulipaswa kuujua kabla yetu. Mshonaji haanzi kukata kabla hajashika kitambaa. Mpishi wa pilau anajua mchele huu unataka maji mengi na huu unataka machache. Iweje mchapaji apokee kiroba cha fulana asichomoe hata uzi mmoja? Kiberiti shilingi ngapi?

Tukapiga simu Dar pamoja, spika wazi, kwa mtu anayeuza vifaa vya kuchapia. Wino wa kuzuia mchujo upo. Kopo lake linaandikwa "low bleed". Kwa bei tuliyotajiwa siku hiyo, unazidi ule wa kawaida kwa 20,000 kwa kilo. Fundi anasema fulana zetu zote 94 zilikula kilo moja na nusu. Kwa hiyo tofauti nzima ni 30,000. Gawanyeni wenyewe kwa 94. Ni shilingi 320 kwa kichwa, haifiki bei ya chapati pale kantini. Kwa chapati isiyotimia tumepoteza fulana 94 na tumemvunjia mtu heshima.

Sasa kwa kuwa kila darasa, kila kwaya, kila timu ya mtaa na kila harusi siku hizi lazima iwe na fulana, sikilizeni namna ya kuchagua. Nimeuliza, nimesoma, nimeshuhudia majaribio kwa macho yangu pale kwa fundi.

Kama fulana ni pamba tupu, chukua wino mweupe wa kawaida wa pamba. Usijitie ujuaji kwa kuchukua ule mkali wa poliesta ukidhani kizuri zaidi ni kizuri kila mahali. Baadhi ya wino huo una dawa za kupambana na rangi, na fulana za pamba zikipangwa bado zina moto, dawa hizo zinaweza kuacha kivuli cha herufi kwenye fulana ya juu yake. Utatoka kwenye pinki uingie kwenye mzimu.

Kama ni mchanganyiko, nusu kwa nusu au 65 kwa 35, hapo ndipo "low bleed" inapohusika. Na ukipata wa kuzuia mchujo ambao pia unaiva kwenye joto la chini, nyuzi 130 mpaka 140 hivi, huo ndio wa kushika kwa mikono miwili. Kadiri joto linavyokuwa dogo ndivyo mpangaji anavyobaki ndani. Lakini jamani, tusije tukaelewana vibaya. Huwezi kuchukua wino wa kawaida ukauivisha kwa nyuzi 135 ukasema umeokoa. Huo utakuwa mbichi, utapasuka ukivuta kitambaa na utabanduka kwenye ndoo ya kufulia. Wino wa joto dogo umetengenezwa kwa joto dogo.

Kama ni poliesta tupu, mfano jezi, hata "low bleed" ya mchanganyiko inaweza isitoshe. Hapo inatakiwa ile ya poliesta yenyewe, na kwa nyekundu kali inapigwa kwanza tabaka la chini la wino wa kijivu wenye kaboni. Kaboni inainasa rangi inayopanda, nyeupe inakaa juu yake salama. Ni kama kuweka mgambo mlangoni.

Na wino peke yake hauokoi kazi mbovu. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene kama uji. Baada ya tabaka la kwanza, unapitisha joto kidogo tu, mpaka ukigusa wino haushiki kidole, basi. Usiichome. Fulana zikitoka zipoe moja moja kabla ya kupangwa. Halafu la muhimu kuliko yote, na hapa sitaki ubishi: chapeni moja. Moja tu! Ivisheni kama zitakavyoiva nyingine, iwekeni pembeni siku tatu, ndiyo mrudi kuiangalia. Ikibaki nyeupe, endeleeni. Fundi akikataa kuchapa ya majaribio, au kamati ikisema haina siku tatu, jueni hapo hamnunui kazi, mnanunua bahati.

Najua mtakuja na majibu yenu kwenye maoni, ngoja niwajibu mapema niokoe bando lenu.

Wa kwanza atasema tungenunua pamba tupu yakaisha. Sawa kabisa! Ila ndugu yangu, sisi tulinunua pamba tupu. Lebo imeandikwa pamba asilimia 100. Tatizo ni kwamba tulinunua lebo, hatukununua kitambaa. Bibi yangu wa Pangani hanunui kanga kwa kusoma. Anaishika, anaisugua kwa vidole, anaikunja kwenye ngumi na kuiachia aone mikunjo, anaipeleka mwangani, halafu anamwambia muuzaji hii imetiwa tetroni, nionyeshe nyingine. Bibi hajasoma kemia. Sisi tupo chuo kikuu, tuna mikopo ya serikali, na tumeshindwa na bibi.

Wa pili atasema siku hizi watu wanachapa kwa DTF, zile stika za mashine, mambo ya fremu na wino wa kukoroga yamepitwa. Haya. Stika hizo nazo zinabandikwa kwa nini? Kwa joto, mara nyingi nyuzi 150 hivi. Fulana ni ileile, mpangaji ni yuleyule. Rangi inaweza kupanda kwenye nyeupe ya DTF vilevile, ndiyo maana kuna zinazotengenezwa maalumu kuizuia. Umebadilisha mlango, nyumba haijabadilika.

Wa tatu, mjuaji, atasema kuna dawa ya kutoa rangi ya fulana pale unapochapa ili ubaki weupe. Ipo kweli. Inafanya kazi kwenye rangi za pamba. Poliesta haiigusi, kwa hiyo kwenye mchanganyiko unatoa nusu ya rangi na nusu inabaki inakucheka.

Wa nne, huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote, aliandika kwenye kundi letu kwamba pinki nayo ni rangi, kwa nini tunapiga kelele. Kaka, tatizo halijawahi kuwa pinki. Tatizo ni kwamba kwa ajili ya pinki hiyo kuna mtu anaingia darasani lekcha imeshaanza na kutoka kabla haijaisha ili asikutane na macho yetu. Hakai tena mbele. Kikundi chetu cha kujisomea ameacha kuja. Na tuwe wakweli, mhazini angekuwa mmoja wa wale wanaume wenye sauti nene tungeanza na "wino" kabla ya "mwizi". Kwa sababu ni dada, mpole, tukaanza na "mwizi" na wino hatukufika kabisa.

Ndiyo, nataka mwizi atafutwe. Atafutwe kweli! Kuna mtu mahali fulani ameshona lebo ya pamba asilimia 100 kwenye shingo ya fulana ambayo anajua ina plastiki. Huyo ametuuzia uongo mara 94 kwa siku moja. Mbona hakuna aliyemwandika? Mbona hakuna aliyemtungia utani kwenye kundi? Kwa sababu yuko mbali, hatumjui, hatukutani naye kantini. Wa karibu ndiye anayepigwa mawe. Tabia hii tunayo kwenye fulana, na tukimaliza chuo tutaenda nayo maofisini, kazi ikiharibika tunatafuta nani amekula kabla ya kutafuta nini kimeharibika. Wapigaji wapo nchi hii, sikatai, na wanatuumiza. Lakini ukimwita kila mtu mpigaji, yule mpigaji halisi anafaidi kivuli.

Na inaniuma zaidi kwamba limetokea Tanga. Mkoa huu umelelewa na uzi, jamani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kwenye pwani hii, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo, mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Babu zetu walikuwa wanaupanga uzi kwa madaraja, kwa urefu, kwa rangi, na mwenye jicho hakudanganywa. Halafu zikaja kamba za plastiki zikaiangusha bei ya katani, na mashamba mengi yakarudi pori. Leo uzi wa plastiki umekuja tena, safari hii kwenye fulana, na sisi wajukuu wa wakata mkonge hatuna hata habari. Tunauvaa na tunagombana.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na nayataka kabla ya mahafali maana najua kamati ya fulana za mahafali imeshaanza kukusanya michango. Kamati itoe kwanza uzi mmoja wa fulana ichome mbele za watu. Fundi ataje jina la wino wake na joto anaivishia, asiseme "mweupe". Fulana moja ichapwe na ikae siku tatu. Yakishindikana hayo, chapeni maandishi meusi tu muwe na amani. Na mchango usiombwe mpaka haya matatu yawe yamefanyika. Wakiwaambieni haiwezekani, mimi nitakuwa wa kwanza kutotoa, na mnajua mimi ni bahili hata bila sababu.

Kwa upande wa fundi, tumeelewana. Fulana zetu haziwezi kurudi nyeupe, hilo tusidanganyane. Kuchapa nyeupe nyingine ya kawaida juu yake kutaleta pinki nyingine. Ila kwa zile ambazo watu wataleta, amekubali kupiga tabaka la kijivu na "low bleed" juu, kwa gharama ya wino tu, na kwanza atajaribu na ya kwangu. Imeshachapwa jana. Iko juu ya meza hapa ninapoandika, nyeupe pe, ila jana si ushahidi. Nitawaambia Jumatatu.

Na kwako dada mhazini, najua unasoma humu, au ulikuwa unasoma. Nilichokuandikia nimekiacha pale pale bila kukifuta, nimeweka juu yake maneno kwamba ni uongo na kwamba ni wangu. Sikukifuta kwa sababu nikifuta itaonekana sikuwahi kusema. Kwenye kundi nimeziweka risiti zako kwa mara ya tatu, safari hii nimezijumlisha. Nafasi yako kwenye kikundi ipo, na swali la tano la ile asainimenti limetushinda wote.

Waliobaki, Jumatatu saa kumi jioni nipo chini ya mwembe wa nyuma ya maktaba na kiberiti. Mwenye fulana yoyote, ya harusi, ya kwaya, ya kampeni, alete tuchomoe uzi. Maoni ruksa, matusi pia nitayapokea wiki hii, nina deni.